Mtu Aliyekimbia na Betri

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa jenereta, na hospitali nzima hapakuwa na aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mngurumo. Hata mkewe, akiwa na hasira, alimwita hivyo. Umeme ukikatika, wanawake wa chumba cha kufulia walianza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kabla hawajafika ishirini, kwenye kibanda cha nyuma kilisikika kikohozi, halafu mngurumo, na taa zikarudi. Mlinzi wa getini alipenda kusema, "Mungu akiwa na shughuli nyingi, Mngurumo yupo."

Jumanne moja, saa tano asubuhi, shemeji yake alikuja kibandani jasho likimtoka. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mtu wa maneno mengi na pikapu moja kuukuu iliyomlisha yeye na wanawe wanne.

"Shemeji, nimekwama hapo nje," alisema. "Nimepakia nyanya tangu alfajiri, betri imekufa kifo cha mende. Jua hili likizipiga mpaka alasiri, sokoni nitafikisha supu."

"Pole. Watafute watu wakusukume."

"Wamesukuma mpaka wamenitukana. Nipe hiyo ya jenereta. Saa mbili tu, narudi nayo."

"Hii si betri ya kuazimana."

"Umeme wenyewe haujakatika wiki ya pili leo. Au nimwambie dada umeninyima?"

Alisema akicheka, na Mngurumo naye akacheka. Akachukua spana, akafungua nati mbili, akamkabidhi. Ilikuwa kazi ya dakika tatu.

Saa nane kasoro dakika tano umeme ukakatika.

Mngurumo alikuwa ameketi mlangoni na bakuli la chakula mapajani. Akawasikia wale wanawake wa kufulia wakianza kuhesabu, kama kawaida yao, kwa utani. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Wakaendelea. Walipofika thelathini na kitu sauti zikapungua, akabaki mmoja tu akihesabu peke yake, naye akanyamaza.

Akampigia shemeji yake, simu haikupatikana. Akatoka mbio. Sokoni palikuwa mwendo wa nusu saa kwa mtu anayetembea, na yeye alikuwa na miaka hamsini na mguu mmoja mbovu. Aliipata pikapu upande wa nyuma wa soko, akaichomoa betri bila kumjibu shemeji yake neno, akaiweka begani. Tindikali ilimwagika ikamla shati na ngozi chini yake. Watu walimpisha njiani. Mlinzi alimfungulia geti kabla hajafika. Saa tisa na dakika tano jenereta likanguruma.

Kwenye wodi ya mahututi alikuwamo mshonaji wa miaka ishirini na sita, aliyejifungua kwa upasuaji siku mbili kabla. Mtoto alikuwa mzima kwenye wodi nyingine. Mama mtu alikuwa akipumuliwa na mashine, na betri ya ndani ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani, wakisubiri nyingine. Sista wa zamu alichomoa bomba, akaunganisha ule mpira wa kubonyeza kwa mkono, akaanza kumpumulisha. Mwenzake alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji, ambako nako kulikuwa giza na tumbo la mtu wazi. Sista alibonyeza peke yake kwa saa nzima. Mngurumo alipowasha jenereta, mshonaji alikuwa ameshafariki dakika kumi kabla.

Hakuna aliyeuliza sana. Betri ya jenereta ilikuwa ya miaka mingi, kila mtu alijua. Wakaandika kwamba ilikuwa imechoka, naye akatia sahihi. Ila mlinzi ndiye aliyewapa watu hadithi. "Nimemwona kwa macho yangu haya," aliwaambia wote waliopita getini. "Kaenda kuazima betri mjini kwa miguu, na mguu ule! Bega limebabuka!" Kufika jioni hospitali nzima ilikuwa na simulizi moja. Mganga mkuu alimshika mkono kwa mikono miwili. Mngurumo akafungua mdomo aseme, akasikia "ahsante sana, mzee wetu," akaufunga.

Uongo hakuutunga yeye. Aliukuta umeshapikwa na kupakuliwa, akala.

Simulizi ile ilisafiri kuliko yeye. Mganga mkuu aliitumia kwenye barua zake zote za kuomba msaada, na baada ya mwaka na nusu wakaja watu na magari. Waliezeka mapaa matatu kwa paneli za sola, na pale kilipokuwa kibanda cha jenereta, juu ya sakafu ileile, wakajenga chumba cha betri: makabati mawili marefu ya kijivu, ubao wa swichi, kioo kidogo cha tarakimu, na feni kubwa ukutani ya kuondoa joto. Waliiita gridi ndogo. Umeme wa mitaani ukikatika, hospitali ilijitenga na kujiendesha yenyewe kwa jua na betri, kwa kasi ambayo hata taa haikupepesa. Jenereta liliuzwa chuma chakavu.

Mkuu wa kazi ile alikuwa injinia, binti wa miaka thelathini hivi aliyeongea kama anayewahi gari. Alimwita Mngurumo "baba" na akamfundisha wiki sita. "Baba, huu mtambo hauna siri," alimwambia. "Ukiwa safi na usipopata joto, utatuzika sisi wote." Siku ya ufunguzi mgeni wa heshima alimtaka mtu aliyekimbia na betri asimame. Alisimama. Walipiga makofi mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Wengine walidhani kilichomsumbua tangu siku hiyo ni kukosa kazi ya nguvu. Chumba kilikuwa kimya mno kwa mtu aliyezoea kelele. Lakini Mngurumo hakupata kimya hata kidogo. Ile feni ilikuwa ikiwaka na kuzima yenyewe kadiri ya joto. Ilivuta hewa taratibu, ikakaa, ikaitoa. Ikakaa. Ikavuta tena. Mara ya kwanza alipotambua inafanana na nini, alikuwa anafagia, na ufagio ukamtoka mkononi. Alijikuta anasubiri pumzi inayofuata. Ilipochelewa, naye alizuia yake.

Alimpigia Injinia. Akaja, akafungua feni, akaisafisha, akaifunga. "Nzima kabisa, baba. Umesikia nini?"

"Kama inakwama."

"Haikwami. Ni wewe umezoea mtambo unaopiga kelele."

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa na miguu na lilimsalimia kila asubuhi. Yule Sista. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mchapakazi, zamani mcheshi. Tangu siku ile alipata tabia ya kukaa bombani akiosha mikono muda mrefu, huku wa kulia ukijifunga na kujifungua wenyewe chini ya maji. Siku moja, wakiwa kwenye foleni ya chai, Mngurumo alimwambia tu, bila kufikiri, "Sista, mkono unauma?"

Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Wewe ulikimbia, mzee," alisema. "Mimi ndiye niliyechoka."

Alielewa. Asingeweza kujidanganya kwamba hakuelewa. Alichukua kikombe chake, akaenda kukinywea nje, na kile alichopaswa kusema akakimeza pamoja na chai. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawasemi akifa mwingine inakuwaje.

Mwaka wa tatu tangu msiba, upepo wa mvua uliangusha nguzo kumi na nne kwenye barabara kuu. Mji wote ukakosa umeme. Siku ya kwanza hospitalini watu walijisifu. Siku ya pili wakaanza kuja wa vituo vingine: wajawazito, watoto wa oksijeni, mzee mmoja fundi viatu aliyelazwa mahututi kwenye mashine ya kupumulia. Mtambo ulibeba mzigo ambao haukuwahi kuubeba. Makabati yakapata joto, na feni haikupumzika tena. Ilivuta na kutoa, ikavuta na kutoa, haraka haraka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani.

Mngurumo alilala vibaya siku hizo mbili. Siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwa kali baada ya mvua na paneli zikimimina umeme, alikuwa peke yake chumbani. Feni ikavuta, ikasita kidogo. Haikuwa kitu, ilisita tu kama mtambo wowote. Lakini masikioni mwake wanawake wa kufulia wakaanza kuhesabu.

Alinyanyuka akaizima.

Alijiambia ni dakika tano tu. Akaketi kwenye stuli, kichwa ukutani, na kile kimya kikamshukia kama shuka safi. Hakukusudia kusinzia.

Kilichomwamsha ni king'ora. Kabati la kwanza lilikuwa limezidi joto na kujifunga lenyewe lisije likaungua, na mzigo wote uliporuka kwenda kwenye kabati la pili, ubao wa swichi nao ukakata umeme. Kioo kilikuwa chekundu. Nje akasikia mlango ukigongwa, mtu akikimbia, na toka upande wa wodi sauti ya mtu akiita, "Taa! Taa!"

Alipiga simu. Injinia akapokea papo hapo.

"Baba, naona kwenye simu yangu hapa, joto hamsini na tisa! Feni imekufa?"

"Nimeizima."

"Umeizima wewe?"

"Nimeizima mimi."

"Haya. Hatuulizani sasa. Iwashe. Fungua mlango na dirisha. Umefungua? Kabati la pili linasema ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Hilo halina shida. Shusha swichi za kufulia, jikoni, ofisi, wodi zote isipokuwa mahututi, upasuaji na watoto. Moja moja, baba, usikimbilie. Kisha ule mkono wa bluu wa swichi kuu, juu."

Alizishusha, moja moja, akizitaja kwa sauti. Akapandisha mkono wa bluu. Mtambo ukaguna, na tarakimu za kioo zikarudi kijani. Zilikuwa zimepita dakika saba.

Akaketi sakafuni. Injinia bado alikuwa anaongea simuni, akisema anakuja, yuko njiani, asiguse chochote. Alipokata, mlangoni pakasimama mtu. Alikuwa Sista. Kofia ilimwanguka miguuni, nywele zimemlowa jasho.

"Yuko hai," alisema. "Fundi viatu. Betri ya mashine ilishika dakika mbili ikazima. Nimembonyezea mimi dakika tano." Alinyanyua mkono wa kulia, ukiwa umejikunja kama kucha za ndege. "Safari hii sikuachia."

"Sista..."

"Acha niseme, mzee, maana sijamwambia mtu. Yule mshonaji nilimwachia. Ile saa nzima wanasema nilibonyeza, si kweli. Mkono ulikufa ganzi. Nilibadilisha kwenda wa kushoto, mpira ukaniponyoka, ukaingia chini ya kitanda. Nikapiga magoti kuutafuta gizani. Sijui ni nusu dakika, sijui ni dakika. Nilipoupata nikaendelea, lakini mimi naujua uso wa mtu aliyeondoka. Nilibonyeza maiti kwa robo saa nikiogopa kuacha." Akafuta uso kwa kiwiko. "Wewe umeunguza bega kwa ajili yake. Nikikuona nakuonea aibu."

Mngurumo alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakutafuta pa kuweka macho.

"Sikwenda kuazima betri," alisema.

"Unasemaje?"

"Siku ile sikwenda kuazima. Nilikwenda kuirudisha. Niliitoa asubuhi nikampa shemeji yangu aweke kwenye gari lake. Jenereta lilikuwa zima. Betri ilikuwa nzima. Ningekuwa nayo, taa zingerudi kabla hujahesabu ishirini, na wewe usingeushika mpira ule hata mara moja."

Sista akageuza uso kuitazama feni. Ilikuwa ikizunguka kwa kasi yote na kupeleka joto nje.

"Nani anajua?"

"Mimi na shemeji. Na sasa wewe."

"Ulisimama ukapigiwa makofi."

"Nilisimama."

"Ulikuwa unaniona pale bombani."

"Nilikuwa nakuona."

Alidhani atampiga, na angekubali. Badala yake Sista aliingia ndani, akaenda mpaka kwenye kabati la kwanza, akaweka kiganja juu ya chuma chenye moto, akakiacha hapo mpaka Mngurumo akataka kumwambia atoe. "Unajua," alisema bila kugeuka, "nyumbani nalala na mkono huu nimeulalia, ili usibonyeze. Mume wangu alihamia chumba cha watoto." Akatoa kiganja, kimekuwa chekundu. "Mwambie mganga mkuu leo. Usiposema wewe, nitasema mimi, na mimi nitasema vibaya."

"Nitasema leo."

"Leo, mzee."

Akaokota kofia yake, akarudi wodini.

Alisema siku hiyohiyo, saa kumi, Injinia akiwapo. Mganga mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi taratibu, akasema jambo moja tu ambalo Mngurumo hakulitarajia: "Unajua hizi paneli tumezipata kwa hadithi yako?" Injinia akatazama dirishani.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo. Alimwambia kabla hajavua viatu, maana alitaka alisikie kwake kabla ya mtaa. Mkewe alikunja mpaka nguo ya mwisho. "Kumbe ndiyo maana kaka hajaja hapa mwaka wa tatu," alisema, akimaanisha mdogo wake, ambaye tangu utotoni alimwita kaka kwa kumdekeza. "Nilidhani mmegombana kwa mambo ya wanaume." Halafu akaanza kuzikunjua zile nguo na kuzikunja upya.

Wiki iliyofuata wakaitwa ndugu wa marehemu. Alikuja mama yake mzazi peke yake, amebeba mjukuu wa miaka mitatu aliyelala begani. Mume wa marehemu alikuwa ameshaoa kwingine na kuhama. Mngurumo alisimulia yote tena, tangu spana mpaka geti. Mama alisikiliza akimbembeleza mtoto mgongoni kwa kiganja.

Alipomaliza, mama akauliza, "Hiyo gari ilikuwa imebeba nini?"

"Nyanya, mama."

"Zilifika?"

Mngurumo akamtazama mtoto aliyelala.

"Nauliza, baba. Zilifika sokoni?"

"Zilifika."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei na kuiona si yake. Alisema hataki kesi, hana miguu ya kwenda mahakamani. Hataki pia kuombwa msamaha, kwa sababu akiombwa atalazimika kujibu. Alitaka tu jina la binti yake liandikwe mahali, na iandikwe kwamba hakufa kwa ugonjwa. Mganga mkuu akaahidi, na baadaye akatimiza. Mama akasimama, akamhamishia mtoto bega la pili, akatoka.

Mngurumo aliachishwa kazi. Walimpa siku kumi za kukabidhi mtambo. Getini mlinzi alishindwa hata kumtania. Alifungua geti na kufunga akitazama viatu vyake, kwani na yeye alikuwa na hadithi ya kujutia.

Uongozi uliamua kwamba chumba cha betri kisiwe tena mikononi mwa mtu mmoja. Watu wanne wangefundishwa, kila zamu awepo anayejua. Injinia alipoita majina siku ya kwanza, wa nne alikuwa Sista. Hakuna aliyemteua. Alijiandikisha mwenyewe.

Alikuja na daftari na kalamu mbili. Hakumsalimia Mngurumo zaidi ya adabu ya kawaida, wala hakumtazama usoni. Lakini aliuliza kuliko wote. Kabati likijifunga, kwa kiwango gani? Lipi linashushwa kwanza? Kwa nini kufulia kabla ya jikoni? Mkono wa bluu ukikwama, je? Alishika kila swichi kwa mkono wake, akarudia mpaka akaweza akiwa amefumba macho. Mkono wa kulia ulitetemeka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tano ulikuwa unatetemeka bado, ila swichi ilikwenda palepale ilipotakiwa.

Siku ya mwisho, wenzake walipoondoka kwenda kula, alibaki mlangoni.

"Kuna mambo hukuyasema," alisema. "Yasiyo kwenye kitabu cha Injinia. Harufu, milio, mlango unavyovimba wakati wa mvua. Miaka yote hii lazima yapo."

"Yapo," Mngurumo alikiri. "Mkiniita wakati wowote, nitakuja."

"Hatutakuita." Akafungua daftari ukurasa mtupu, akaliweka juu ya stuli, na kalamu juu yake. "Andika. Yote. Hata yale unayoona ni ya kijinga."

Akaenda zake wodini, zamu ilikuwa inaanza. Mngurumo akavuta ndoo akaigeuza, akaketi. Alifikiri kidogo ni lipi la kwanza. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu: Feni isizimwe na mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Akaandika la pili, na la tatu, akageuza ukurasa.